Mpiga Ngoma Aliyekaa Nje

Jumapili adhuhuri, wakati nyama imo kwenye oveni na wake hawataki mwanamume wa kuwafunulia masufuria, wanaume wa mji wetu wa Willenhall huelekea klabu. Neville Tonks naye alielekea huko, miaka nenda miaka rudi, akimpeleka baba yake kwa gari. Mzee aliposhuka na kuingia ndani, Neville alibaki kwenye usukani. Aliegesha kando ya ukuta wa matofali, akashusha kioo kidogo, akasikiliza. Mgeni angedhani ni dereva wa kukodi. Kumbe mle ndani hakuna asiyemjua, na kuna wakati nusu ya Uingereza ilimjua vilevile.

Neville ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wa Peacock Row, wale vijana wa enzi za bugaluu na raizoni waliopaka wanja na kumetameta kuliko mti wa Krismasi. Alifungiwa maisha na klabu ya baba yake mwenyewe, na hicho ndicho kisa chake. Alitaka kitu kimoja tu, baba yake amsikie akipiga. Utaona jinsi watu wawili wenye akili timamu walivyoweza kukikosa kitu chepesi namna hiyo.

Walianza wanne. Derek Pargeter aliimba, Cliff Bayliss alipiga gitaa, Roy Garratt besi, Neville ngoma. Wote walikuwa wana wa mafundi makufuli na wote waliingia kiwandani walipomaliza shule, maana huku kwetu mtoto wa kiume alikabidhiwa tupa kabla hajaanza kunyoa ndevu. Jumamosi walipiga kwenye klabu za wafanyakazi, ambako mwanamuziki hufundishwa adabu upesi. Wimbo wako uwe mtamu namna gani, saa ya bingo, ule mchezo wa namba, ikifika unakatwa katikati, na pai zikitoka jikoni hutazamwi na mtu.

Horace Tonks, baba yake Neville, alikuwa katibu wa burudani wa Klabu ya Mafundi Makufuli. Ndiye aliyepanga nani apige lini, na ndiye aliyepanda jukwaani, akagonga kipaza sauti kwa kidole na kusema, "Utulivu jamani. Utulivu." Kiwandani alisimamia mashine za kukatia mabati, na klabuni alisimamia utaratibu. Alikuwa mkali kotekote.

"Nipange na mimi basi," Neville alimwomba akiwa kijana.

"Nikikupanga watasema nakubeba kwa kuwa mwanangu. Subiri zamu yako."

Nyumbani ngoma zilikatazwa kwa ajili ya majirani, kwa hiyo Neville alifanyia mazoezi kwenye banda la kina Roy. Jumamosi akipiga klabu nyingine, mzee alikuwa zamu kwenye ya kwake. Basi mtu huyo alimlea mpiga ngoma na hakuwahi kumsikia hata mara moja. Zamu ilipokuja, Horace aliitangaza mezani huku akikata mkate. "Nimewaweka sherehe ya watoto. Krismasi ya mwakani. Msije mmelewa." Neville alicheka, lakini usiku ule hakupata usingizi kwa furaha.

Mwaka uliofuata ukaingia na meneja. Laurence Peake alitoka London kwa gari la kukopa, akawasikiliza wakipiga na suti zao za kahawia, akatikisa kichwa.

"Nikifumba macho nasikia pesa," akasema. "Nikifumbua naona mafundi bomba."

Kazi ya kuwabadilisha ilimwangukia Glenys, dada yake Derek, mshonaji wa mapazia. Alitwaa kitambaa cha rangi ya fedha kilichobaki kwenye mapazia ya jumba la sinema, akawashonea suruali zilizobana mapajani na kumwagika miguuni, akabandika vioo vidogo mabegani. Kisha akaleta wanja. Cliff akagoma.

"Baba yangu akiniona ataniua."

"Baba yako akikuona hatakujua," Glenys akamjibu. "Tulia nisikutoboe jicho."

Neville ndiye aliyeteseka zaidi, kwa sababu ya viatu. Mpiga ngoma hukaa, viatu vyake havionwi na mtu, lakini Peake alisema wote wanne wavae raizoni zenye soli nene. Mguu wake haukuusikia mkanyagio wa ngoma kubwa. Kwa hiyo aliingia jukwaani akiyumba kama wenzake, akakaa, akavivua chini kwa chini na kupiga na soksi za sufu alizofumiwa na mama yake.

Santuri iliyowatoa inaitwa "Kanyaga Mpaka Jumatatu." Studioni Neville aliona mlio wa ngoma zake peke yake ni mwembamba. Palikuwa na ngazi za mbao kwenye ukumbi wa nje. Akaenda Willenhall, akajaza basi la wafanyakazi wa mashine za mabati na buti zao za kazini, akawapanga kwenye zile ngazi na kuwaambia wakanyage akihesabu. Malipo yalikuwa bia. Cedric Fellows, jirani yake, alikanyaga hadi ubao ukapasuka, na mpaka leo atakuambia ule mlio wa kupasuka umo kwenye santuri. Horace alialikwa pia. "Jumamosi nina klabu," akasema.

Wimbo ukapaa. Wasichana walilia, wakang'oa vioo vya mabegani kuwa kumbukumbu. Kule Ujerumani ililazimu watolewe ukumbini kwa gari la mkate. Derek akaanza kujiita Dorian Vale, akataka hata mama yake amwite hivyo. Mama yake akamwambia Dorian hana kitanda katika nyumba hii. Neville alikuwa na furaha ambayo hakujua iwekwe wapi. Alipokuwa nyuma ya ngoma na kumbi nzima zinakanyaga pamoja naye, aliona ameshika kitu kikubwa na hakimponyoki.

Desemba ikafika, na Jumamosi ya sherehe ya watoto. Peake alipiga simu siku mbili kabla: televisheni inawataka, kipindi cha jioni kinachorushwa moja kwa moja, siku ileile.

"Tuna watu wanatungoja," Neville akasema.

"Nani?"

"Watoto wa klabu."

"Nev, utaikataa televisheni kwa sababu ya jeli na mapulizo? Mpigie mzee wako umweleze. Ataelewa, mbona ni mtu mzima."

Neville alisimama kwenye kibanda cha simu, akazungusha namba ya klabu. Akaisikia sauti ya baba yake. "Mafundi Makufuli hapa. Nani mwenzangu?" Nyuma yake palikuwa na kelele za watu wakiburuta meza. Neville alikuwa na maneno yote mdomoni, na hayakutoka. Akarudisha simu mahali pake. Akajiambia Peake atapiga. Peake naye akadhani Neville amepiga. Haya ndiyo makosa ya huku kwetu. Tungekubali tung'olewe jino kuliko kumwambia mzazi jambo asilolipenda kwa kinywa chetu.

Glenys alikuwa klabuni siku ile na sindano yake, akiwasubiri, na ndiye aliyemsimulia Neville. Watoto walimaliza jeli, wakaketi chini kwa mistari na kofia zao za karatasi. Horace akapanda jukwaani akawaambia barabara ina ukungu, wasanii wako njiani. Alifuga ndege wa nyimbo nyumbani, basi akaanza kuwaigia ndege kwa mluzi, mmoja baada ya mwingine, akieleza huyu anakaa wapi na anakula nini. Aliwaigia ndege wote aliowajua. Watoto walimpigia makofi kwa heshima. Halafu kijana mmoja akaja mbio kutoka baa. "Wako kwenye televisheni!"

Watoto wote wakakurupuka. Horace aliwafuata taratibu, akasimama mlangoni mwa baa, akamtazama mwanawe kwenye kioo, kitambaa cha fedha na wanja, anachekelea. Hakusikia wimbo. Watoto walikuwa wakipiga mayowe na kukanyaga sakafu, wala hakuwanyamazisha. Akarudi ukumbini akaanza kukusanya sahani.

Januari kamati iliwafungia wote wanne, maisha. Mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wa Horace. Jumapili iliyofuata alimpa Neville habari hiyo mlangoni, koti bado liko mwilini.

"Mmefungiwa. Utaratibu unaujua."

Neville aliujua, kila mtu huku anaujua. Aliyefungiwa akitaka kusamehewa, anakuja mwenyewe kwenye mkutano wa Januari, anasimama mwisho wa meza kichwa wazi na kuomba radhi kwa kinywa chake. Hakuna wa kumwombea, hata akiwa baba yake. Lakini wiki ile Neville alikuwa anakwenda Hamburg, na kichwa kilikuwa kimevimba.

"Baba, wewe unanizungumzia klabu ya bingo? Mimi na klabu ya bingo wapi na wapi?"

"Sawa," Horace akasema. Akavua koti, akalitundika.

Neville alilijutia neno hilo kabla treni haijaondoka. Alidhani atalirekebisha akirudi.

Aliporudi, mambo yalianza kwenda mrama. Muziki wa vijana hauna utu. Santuri ya tatu ilisikika kidogo, ya nne haikusikika kabisa, na kabla hawajajua kinachoendelea walikuja watoto wa nywele za miiba na nguo zilizoshikizwa kwa pini za nepi, wakawafanya kina Neville waonekane shangazi zao. Derek alihamia Amerika kutafuta jina akiwa peke yake. Aliwaaga kwa simu kutoka uwanja wa ndege. Huko akatoa santuri moja, kisha akawa muuza mazulia. Watatu waliobaki walimchukua kijana wa Walsall wakamvika wigi, wakapiga kwenye kambi za mapumziko za baharini mbele ya familia zilizokuja kula aiskrimu.

Pigo la mwisho walilipata kwenye kambi ya Skegness. Waliona bango ukutani: Peacock Row, kambi ya jirani, usiku uleule. Jina lilikuwa mali ya Peake, nao walitia saini mkataba huo bila kuusoma. Peake alikuwa ameokota vijana wanne, akawavika kitambaa cha fedha, akawapeleka sokoni. Neville, Cliff na Roy walilipa kiingilio wakaenda kujitazama. Wale vijana walipiga vizuri, na hicho ndicho kilichouma. Asubuhi Neville alipakia ngoma zake akarudi Willenhall.

Kiwandani walimpokea vile wanavyopokea watu. Jiriwa yake ilikuwa palepale, na juu yake mtu ameweka lipstiki.

"Nyota, nipe hiyo tupa."

"Nyota, usilie, wanja utashuka."

Alicheka pamoja nao. Alimwoa Glenys, ambaye alikuwa amemjua kwa uso uliopakwa na usiopakwa na kuuchagua wa pili. Walipata binti na nyumba yenye bustani. Nisikudanganye, hakuwa mtu wa huzuni saa zote. Lakini mikono yake haikutulia. Alipiga ukingo wa meza, alipiga goti, alipiga sinki akiosha vyombo, hadi Glenys akamwambia mimi niliolewa na mtu, sikuolewa na kigogota.

Mama yake alipofariki na miguu ya mzee ikaanza kumgomea, ndipo zile safari za Jumapili zilipoanza. Glenys alimwambia amshushe mzee, arudi nyumbani, aende kumchukua baadaye. Hakutaka. Alikaa mle garini akisikiliza namba za bingo kupitia ukutani. Cedric Fellows, ambaye siku hizo alikuwa mlinzi wa mlango, alitoka kuvuta sigara, akaegemea gari.

"Ndani kuna joto, Nev."

"Mimi nimefungiwa."

"Najua umefungiwa. Mimi ndiye ninayekuzuia. Nakuambia tu kuna joto."

Desemba ndiyo ilikuwa mbaya. Walevi mle ndani walikuwa wakianza "Kanyaga Mpaka Jumatatu," na ukumbi mzima ulikuwa ukikanyaga, nje ya mdundo, wengine mbele wengine nyuma. Mtu aliyeutunga mdundo ule alikuwa hatua chache tu kutoka kwao, kwenye gari lenye baridi, akiutafuta kwa vidole juu ya usukani na kushindwa kuwarekebisha. Alitamani kuingia. Hakutamani tena Hamburg. Alitamani sakafu ile.

"Na mzee?" alimuuliza Cedric. "Wakiuimba anafanyaje?"

Cedric alitazama sigara yake. "Anateremka ghala la bia."

"Kufanya nini?"

"Kuhesabu mapipa, anasema. Yule ana kichwa kigumu. Niliwahi kumuuliza, Horace, wimbo wa mwanao mwenyewe? Akaniambia, 'Nitausikia siku watakapokuja kuupiga. Niliwapanga. Sijawafuta.'"

Hata redio ikianza kuupiga, mzee aliizima. Nyumba nzima ilijua. Neville aliposikia maneno yale akaapa Januari ataingia. Januari ikaja, akaegesha, akatazama mlango. Mle walikaa watu aliokua nao, meza ndefu, baba yake kwenye kiti chake. Akawaza, akitaka niingie si angeniambia? Mkutano ukaisha, mzee akatoka, akaingia garini. "Barabara ina utelezi," akasema mzee. "Nitakwenda polepole," akasema Neville. Wakaenda kula nyama.

Ikawa hivyo kila Januari. Glenys alichoka nao.

"Muulize."

"Aniulize yeye."

"Nyie wawili mtazikwa mkisubiriana."

Na masikio ya mzee yalikuwa yanaziba. Wanaume wa mashine za mabati wote huishia kwenye uziwi, lakini kwa Horace ilikuja mapema na ikaja moja kwa moja. Kwanza televisheni ilipanda sauti. Kisha akaacha kuwajibu ndege wake, na siku moja akawagawa wote, hakusema kwa nini. Neville aliona yote haya akiwa ameshika usukani. Alijua ana muda, kisha akajua ana muda mdogo, na bado alikaa garini. Mimi nimemfahamu mtu huyu, ni mwema, lakini hapo sina la kumtetea.

Katikati ya hayo muziki ulirudi, kama bugaluu zinavyorudi. Wale wasichana waliolia walikuwa sasa wana mikopo ya nyumba na magoti mabovu, wakataka kulia tena. Derek alitua kutoka California na nywele za kununua. Roy alikuwa amekwishakufa, wakamkodi mtu wa besi. Walizunguka kumbi na kumbi, zikajaa. Neville alipiga na soksi, kifua wazi, akafurahi kweli. Kila ukumbi taa zikiwashwa alitazama safu za mbele akitafuta mzee mmoja mwenye koti la kijivu.

"Njoo na mimi Birmingham, Baba," alimwambia, akitamka taratibu ili amsome midomo. "Nitakuwekea kiti mbele kabisa."

"Birmingham sikuwapanga," Horace akasema.

Kisha Derek akaumwa moyo, ziara ikavunjika, na Neville akarudi kuegesha kando ya ukuta.

Klabu nayo ikafikia mwisho wake. Vijana hawanywi tena na baba zao, viwanda vya makufuli vimebaki vya kuhesabika, na jengo likapata mnunuzi wa kujenga nyumba za kupangisha. Lorraine Fellows, binti yake Cedric, aliyekuwa sasa katibu wa burudani, alitoka nje akagonga kioo cha gari.

"Mjomba Nev, Jumapili ijayo ndiyo mkutano wa mwisho wa Januari. Hakuna mwingine."

Glenys alimpigia shati pasi bila kuulizwa. Jumapili ile Neville alimshusha baba yake, akaegesha, akakaa. Bingo ikaisha. Akasikia viti vikiburutwa. Akafungua mlango wa gari. Cedric alikuwa amesimama mlangoni na vazi lake la ulinzi, akasogea pembeni.

Walikuwa kumi na kitu kwenye meza. Neville alisimama mwisho wake, kichwa wazi.

"Mimi ni Neville Tonks," akasema, akimtazama baba yake na kutamka kila neno ili lisomeke. "Mwaka wa sabini na tatu nilipangwa kwenye sherehe ya watoto na sikuja. Nilipiga simu, nikaisikia sauti ya katibu, nikakata. Nilisema pia maneno juu ya klabu hii. Naomba radhi."

Lorraine akasema, "Mimi nilikuwa mmoja wa wale watoto. Mzee Horace alituigia ndege."

"Walikuwa wazuri?" mtu akauliza.

"Wale wachache wa kwanza."

Watu wakacheka, na Horace, ambaye hakusikia walichochekea, alikuwa tayari amenyoosha mkono. Wengine wakafuata.

Neville alipewa Jumapili ya mwisho ya klabu, baada ya bingo ya kwanza na kabla ya ya pili. Derek hakuweza kupanda ndege. Cliff alikuja na gitaa na dawa zake za shinikizo, akaimba mwenyewe, vibaya. Neville aliketi kwenye jukwaa lile dogo aliloliona mara ya mwisho akiwa kijana, akavua viatu, akapiga. Watu walikanyaga, na safari hii walikanyaga pamoja naye. Horace alikaa meza ya mbele, painti yake ya bia haijaguswa, macho kwenye mikono ya mwanawe. Walipofika kiitikio cha pili Lorraine akapanda, akagonga kipaza sauti. "Utulivu jamani. Bingo." Neville akasimamisha vijiti hewani. Cliff alitaka kumaliza ubeti, Neville akamkanya kwa kichwa.

Garini mzee alichelewa kufunga mkanda. Wenzao walikuwa wakitoka mmoja mmoja, wakikumbatiana, maana hawakujua Jumapili ijayo watakwenda wapi.

"Ulisimama palepale," Horace akasema. Aliongea kwa sauti kubwa kama viziwi wanavyoongea. "Wengine huwa wanaendelea."

Neville alimgeukia ili midomo ionekane. "Ulisikia chochote, Baba?"

"Hapana." Hakuzungusha maneno. "Kitu kidogo kama mtu anahamisha kabati. Basi."

"Kwa nini hukuniambia niingie? Miaka yote hii?"

"Utaratibu ni aje mwenyewe."

"Najua utaratibu. Ungenidokeza tu."

"Kila Januari niliomba ajenda ya mwisho icheleweshwe. Walininung'unikia, nyama zinaungua majumbani mwao. Nilikuwa natazama mlango."

"Mimi nilikuwa hapa garini."

"Najua ulikuwa garini," Horace akasema. "Si ndilo nililorudi nalo nyumbani?"

Neville aliwasha injini kwa sababu hakujua afanye nini na mikono yake. Alilia kidogo, waziwazi, na mzee akatazama mbele kumpa nafasi. Kisha mzee akageuka.

"Huo wimbo," akasema. "Unakwendaje?"

Katika maisha yake yote Neville hakuwahi kuimba. Waimbaji walikuwa wengine. Akakohoa, akafuta uso, akaanza, bila sauti na bila mdundo, akiunda kila neno kwa midomo, kuanzia ubeti wa kwanza. Baba yake alisogeza uso karibu, akakunja macho, akafuata. Waliotoka klabuni walipita, wakaona watu wawili kwenye gari lililosimama, mmoja akifungua mdomo na mwingine akimtazama, wakaendelea na njia zao.

Alipofika kwenye kiitikio mzee akamgusa mkono.

"Hapo nimekupoteza," akasema. "Rudia. Polepole."

Neville akazima injini, akaanza tena.